Sanduku la Mgeni



Mama mmoja alitusimamisha baada ya darsa ya wanawake akatuuliza swali ambalo, kusema kweli, hatukulitarajia. "Sheikh," alisema, "mimi nikisikia hodi baada ya adhuhuri moyo hunipiga. Si kwamba siwataki wageni, haki yao naijua. Lakini nyumba haijapangwa, chungu ni kitupu, na mume wangu hanijulishi kitu. Je, kuiogopa hodi ni dhambi?"

Tulimjibu upesi, kama ilivyo desturi yetu watu wa mimbari. Tulimkumbusha Hadithi ile mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, inayofunganisha imani ya mtu na kumkirimu mgeni wake. Aliinamisha kichwa, akashukuru, akaenda zake. Usiku ule hatukulala vyema. Mama yule hakuuliza kama mgeni ana haki, maana hilo alikwisha kulisema mwenyewe. Aliuliza afanyeje.

Wala sisi hatukuwa watu wa kumjibu mtu upesi katika jambo hili. Kwa miaka mingi tulikuwa tukitoka msikitini siku ya Ijumaa na watu watatu, wanne, pengine saba, tukaugonga mlango wetu wenyewe na kutangaza kwa sauti ya furaha kwamba tumekuja na wageni. Chakula kilikuja daima. Hatukuuliza kilitoka wapi. Mpaka siku moja mwenye duka wa mtaani alitujia kwa adabu kubwa, akatuonyesha daftari lake: mchele, mafuta, sukari, nyanya, kurasa tatu nzima kwa jina la mama wa watoto wetu. Tuliporudi nyumbani tuliona jambo jingine ambalo jicho letu halikuliona kwa muda wa miezi. Herini zake za dhahabu, alizovishwa na mamake siku ya harusi, hazimo masikioni. Ziliwekwa rehani. Tulipomuuliza kwa nini hakutwambia, alijibu, "Sikutaka uone haya mbele ya watu wako."

Deni lile tulilipa kwa miezi mitano. Herini zilirudi, moja ikiwa imepinda.

Basi tunapoandika wiki hii juu ya kuitengeneza nyumba ili wageni wapokewe bila ya dhiki, tunaandika kama watu waliosababisha dhiki hiyo. Na yale kidogo tunayoyajua hatukuyapata katika vitabu vyetu peke yake. Mengi tulifunzwa na mama mmoja mbali sana na Pwani, katika nchi ya Budalang'i, mahali ambapo Mto Nzoia unamwaga maji yake katika Ziwa Victoria.

Safari yenyewe tuliifanya kwa ajili ya kuwatazama walimu wa madrasa katika pande zile za magharibi. Tulipanda basi la usiku hapa Mombasa, na baada ya zaidi ya kilomita 900 tukashuka Busia, mpakani mwa Uganda, miguu ikiwa imevimba. Pale mpakani kuna jambo lililotupendeza. Zamani msafiri alisimamishwa mara mbili, upande huu na upande ule, na madereva wa malori wanaotoka bandarini kwetu walilala barabarani. Tangu kituo cha pamoja kizinduliwe na marais wa nchi zote mbili mwezi wa Februari 2018, maofisa wa Kenya na wa Uganda huketi chini ya paa moja, na mtu husimama mara moja tu, upande ule anaouingia. Tulisema moyoni kwamba mlango wa nyumba nao ungekuwa hivyo ingekuwa heri. Mgeni wetu wa Pwani husimamishwa barazani kwa maamkizi, akasimamishwa ukumbini tukisubiri watoto waondoe nguo vitini, akasimamishwa tena kwenye njia ya maliwato tukitafuta kandambili.

Kutoka Busia tuliteremka kwa matatu hadi Port Victoria. Waislamu huko si wengi kama huku kwetu, lakini wapo, na Uislamu katika nchi ya Waluhya si mgeni. Msomaji apendaye historia atakumbuka kwamba wafanyabiashara wa Pwani walifika Mumias katika karne ya kumi na tisa wakapokewa na wafalme wa Wanga, na kwamba Nabongo Mumia, aliyetawala kuanzia 1882 hadi alipofariki 1949, aliwapa makao. Wazee wetu walikula, wakalala na wakaswali katika ardhi ya watu waliokuwa hawajawajua. Ukarimu ule ndio uliofungua njia ya dini. Kwa hiyo Mswahili akenda magharibi asidhani kwamba yeye ndiye mwalimu wa ukarimu.

Mwenyeji wetu alikuwa mvuvi wa makamo. Nyumba yake ilikuwa ndogo, vyumba viwili na kijisebule, kuta za udongo zilizopakwa vizuri, bati juu. Ilikuwa safi, lakini si usafi uliotushangaza. Lililotushangaza ni kwamba tuliingia bila ya kumtangulia mtu, maana simu yetu ilizimika njiani, na hakuna aliyekimbia. Hatukusikia kunong'ona nyuma ya pazia, hatukuona mtoto akitumwa dukani mbio, wala vyombo havikugongana. Mama mwenye nyumba alitukaribisha, "Karibu, Sheikh wetu, kaa hapa pana upepo," akaingia ndani, na kabla hatujamaliza kuulizana hali mbele yetu palikuwa na maji ya kunawa, maji ya kunywa, na chai. Chumba cha kulala kilikuwa tayari kabla ya magharibi, na mswala umetandikwa kuelekea kibla.

Siku ya pili tulimuuliza mumewe siri yake. Akacheka, akamwita mkewe, akamwomba atuonyeshe sanduku.

Lilikuwa sanduku la bati, kama yale wanayochukua watoto wanaokwenda shule za bweni. Lilikaa juu ya matofali manne kando ya mlango. Ndani yake palikuwa na shuka mbili na foronya mbili, blanketi moja, chandarua, taulo, leso mpya moja na shuka ya kujifunga ya mwanamume, mswala, vikombe sita na sahani sita, chupa ya chai, sabuni mbili ambazo hazijafunguliwa, taa ndogo ya jua, kibiriti, majani ya chai na sukari katika makopo yenye vifuniko, na tende zilizofungwa vizuri. Vitu hivyo havitumiwi na mtu wa nyumbani, hata sherehe ikija. Mgeni akiondoka vinafuliwa, vinaoshwa, vinahesabiwa, vinarudi. Kilichopungua hununuliwa siku ya soko ya kwanza itakayofuata, kabla ya kitu kingine chochote.

Tulimsifu kwa kuwa na mpango. Alitikisa kichwa. "Sheikh, si mpango," alisema. "Ni maji."

Anayeijua Budalang'i ataelewa mara moja. Nzoia hushuka kutoka nyanda za juu, milima ya Cherangani na Elgon, na kule chini nchi ni tambarare, mto ukikaa baina ya matuta ya udongo yaliyojengwa kuuzuia. Mvua ikinyesha juu sana, matuta hupasuka chini. Yalipasuka 2003, yakapasuka 2008, na mwezi wa Mei 2020, katika msimu ambao Ziwa Victoria nalo lilipanda kuliko kawaida, maelfu ya watu walihama makwao. Mama yule aliwahi kuyakimbia maji akiwa msichana, akayakimbia tena akiwa na watoto. Alitwambia kwamba mara ya kwanza nyumba yao ilipoteza kila kitu kwa kuwa kila kitu kilitawanyika, na mtu mwenye hofu hajui ashike nini. Basi alipoolewa alifanya masanduku mawili: moja la stakabadhi na nguo za watoto, na moja la mgeni.

"Kwa nini la mgeni?" tulimuuliza. Maana akili yetu ilituambia kwamba anayekimbia maji hana haja ya vikombe sita.

Alijibu kwamba mwaka 2020 waliishi chini ya turubai, juu ya ardhi iliyoinuka, pamoja na familia nyingi, Wakristo na Waislamu. Wiki ya kwanza mama mkwe wake, ajuza, aliletwa pale na jirani, amelowa hadi mabegani. Alimvua nguo zile, akamfunga leso mpya kutoka sandukuni, akamtandikia shuka safi, akampa chai katika kikombe chenye sahani yake. "Alilia," alisema mama. "Akasema, kumbe bado mimi ni mgeni wa mtu." Baada ya siku chache ajuza yule aliugua kifua, na hakuiona nyumba yake tena. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un.

Tuliliangalia sanduku lile kwa jicho jingine.

Na tuirudie sasa dini yetu, kwa kuwa tuliisoma upya tukiwa pale. Katika sura za Hud na Adh-Dhariyat Mwenyezi Mungu anatusimulia jinsi Nabii Ibrahimu alivyopokea wageni asiowajua. Wanavyuoni wa tafsiri wameona katika kisa kile adabu nyingi. Ibrahimu hakuwauliza wageni kama wana njaa, maana mgeni mwenye haya atasema hana. Alijitenga polepole kwenda kwa ahli yake, bila ya kuwafanya wageni wajione mzigo. Hakukawia. Alileta kilichokuwepo, naye ndama alikuwepo kwa sababu Ibrahimu alikuwa na mifugo. Kisha akakisogeza chakula karibu yao, hakuwaita wakifuate. Na mkewe alikuwa amesimama hapo, na baadhi ya wafasiri wamesema alikuwa akiwahudumia. Tazama basi: mume mwenyewe ndiye aliyeleta nyama. Waume tunaosoma aya hizi kila mwaka na kisha tukaketi barazani tukingoja sinia, tumeisoma nini?

Kadhalika kile kisa cha Ansari aliyempokea mgeni wa Mtume, rehema na amani zimshukie, akazima taa ili mgeni ale naye ajifanye anakula. Kisa hicho tunakisimulia sana kwa kumsifu mume. Lakini katika riwaya ya Muslim mume yule kwanza alimuuliza mkewe kama kuna chochote, naye akamjibu kweli, kwamba hapana ila chakula cha watoto. Waliamua pamoja wakijua hali yao. Hiyo ndiyo tofauti baina ya Ansari yule na sisi. Yeye aliuliza, sisi tulitangaza.

Kuna neno ambalo wanavyuoni hulitumia, takalufi, yaani kujikalifisha, kujitwisha usichokiweza ili uonekane. Imepokewa kwamba Salman al-Farsi alimwekea mgeni wake kilichokuwepo tu, akamweleza kuwa wamekatazwa kujikalifisha kwa ajili ya mgeni. Na hapa tunaomba radhi kwa mama zetu wa Pwani, kwani tutasema jambo ambalo huenda likawaudhi. Katika nyumba zetu nyingi lipo kabati la vioo sebuleni, limejaa seti za vikombe, mabirika ya kung'ara, sahani zenye maua. Mgeni huyaona. Hayatumii. Akija mgeni mkubwa mno ndipo yanapotolewa, na siku hiyo mama huyaosha vumbi kwa muda wa saa nzima huku chungu kikiungua. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir Hadithi inayohesabu matandiko ya nyumba: la mume, la mke, la tatu la mgeni, na la nne likanasibishwa na shetani. Imamu Nawawi ameeleza kwamba makusudio ni kile kinachozidi haja, cha kujifaharisha. Tuliona kwamba sanduku la Budalang'i ndilo tandiko la tatu, na kabati letu, Mwenyezi Mungu atusamehe, linaelekea la nne.

Hatusemi kila nyumba inunue sanduku la bati. Mwenye rafu moja ya kabati inamtosha, mwenye kapu linamtosha. Sharti ni moja: vitu vya mgeni vikae pamoja, na mkono wa mwenye nyumba usivichukue. Shuka ya mgeni ikishaazimwa mara moja kwa kitanda cha mtoto, basi hakuna tena shuka ya mgeni.

Chakula ni mlango mwingine. Kule tulilishwa ugali wa mtama na muhogo, mrenda, na omena zilizokaangwa kwa nyanya. Siku ya Ijumaa ndipo alipochinjwa jogoo, nasi tukapewa firigisi, ambayo kwa Waluhya hapewi mtu yeyote tu. Mwenye nyumba hakuomba radhi kwa omena. Alikuwa nazo zimekaushwa, gunia dogo, zinakaa miezi. Huo ndio msingi: kila nyumba iwe na kitoweo kimoja kisichoharibika na ambacho mama anaweza kukiandaa macho yamefumbwa. Kwetu Pwani ni rahisi zaidi. Mbaazi za kilo moja zikichemshwa siku moja kwa wiki na kugawanywa vifungu katika friza, zinangoja tui tu. Sambusa hukunjwa thelathini wakati mmoja badala ya kumi, zikawekwa bila ya kukaangwa. Asiye na friza awe na dengu, awe na papa au ng'onda, awe na tende na kahawa. Tende tatu na kahawa ya moto, zikiletwa upesi kwa uso mkunjufu, zimempokea mgeni. Pilau inayokuja baada ya saa tatu mwenyeji akiwa amenuna haijampokea. Na akiongezeka mtu, sahani ziongezwe bila ya hofu, kwa kuwa tumefundishwa katika Hadithi sahihi kwamba chakula cha wawili huwatosha watatu.

Jambo la sitara tuligusie, ijapokuwa kwa uchache, kwani kila nyumba ina umbile lake. Wazee wetu wa Lamu walijenga daka mlangoni, na ndani wakatenga sabule ya mgeni, ili aingie na atoke bila ya kuwaona wanawake wa ndani. Nyumba za kupanga za leo hazina daka. Mwenyeji wetu alikuwa na pazia zito la kitenge kati ya sebule na ndani, na mgeni aliketishwa mgongo ukielekea pazia. Aliyechagua kiti kile ni mama, si mume. Mama wa nyumba ya vyumba viwili na achague kiti cha mgeni leo, kabla ya hodi, na awafundishe watoto kwamba hapo ndipo pa mgeni. Na maliwato yasafishwe asubuhi kila siku, ndoo ijae, kandambili zikae. Anayefanya hayo kila siku hatayafanya kwa kukimbia.

Mgeni naye ana deni lake. Sura ya An-Nur inamfundisha kuomba idhini, na akiambiwa arudi, arudi bila kinyongo. Sura ya Al-Ahzab inawafundisha walioalikwa kwamba wakishakula watawanyike wasikae kwa mazungumzo. Bukhari amepokea kwamba ugeni ni siku tatu, na si halali kwa mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Waswahili walipompa mgeni jembe siku ya tatu hawakuwa na ubakhili. Sisi wenyewe kule tulikaa siku nne, na siku ya nne tulikwenda na mwenyeji ufukweni kusafisha nyavu. Hatukufaa kitu, vidole vilitutoka damu, lakini tulikula chakula cha mchana tukiwa na raha.

Tulipokuwa tukiagana, tulimpa mama yule mafundo mawili ya leso kutoka Mombasa. Alituaga, akafungua sanduku mbele yetu, akazitia.

Tulimtafuta mama yule wa darsa tuliporudi. Tulimwambia kwamba jibu letu la kwanza lilikuwa pungufu. Kwamba kuiogopa hodi, naye hana cha kumpa mgeni na hakujulishwa, si dhambi yake, na pengine ni ya mtu mwingine. Na kwamba tungependa kuzungumza na mumewe, kama ataridhia. Aliridhia. Mumewe alitusikiliza mpaka mwisho, akatuuliza kama sisi wenyewe tunafanya tunayoyasema. Tulimwambia habari ya daftari la dukani na herini.

Ijumaa hii tuna wageni wanne kutoka Malindi, inshallah. Mama wa watoto anajua tangu Jumatatu. Amesema watatu watakuwa rahisi, wa nne aje na godoro lake, nasi tumempigia simu kumwambia hivyo. Samaki tutanunua sisi wenyewe, alfajiri, na sisi ndio tutakaowapaa.

Wallahu aalam.